Mwanahekima Bila Hadhira: Falsafa Nje ya Chuo Kikuu, Kutoka Bungoma hadi Kipsongo

Mjadala kuhusu falsafa ya Kiafrika umezoea kusimuliwa kama ugomvi wa wasomi. Placide Tempels anatokea kwanza, na kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya Wabaluba. Anafuata John Mbiti, aliyeyapa maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, uzito wa istilahi mwaka 1969. Kisha anaingia Paulin Hountondji kuwajibu wote. Katika masimulizi hayo wale wanaosemekana kuwa na falsafa huonekana kwa mbali tu, kama mandhari ya hadithi. Wanatajwa kwa jina la kabila. Hawaulizwi lolote, na wala hawajibu.

Makala haya yanaanzia upande wa pili. Yanachunguza historia ya jaribio moja la kuitoa falsafa nje ya ukumbi wa mihadhara, yaani mradi ulioanzishwa na Henry Odera Oruka katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974, na yanaulinganisha na sanaa ya usemi ambayo Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia walikuwa nayo kabla mradi huo haujawafikia. Dai linalotolewa ni kwamba mradi wa Odera Oruka uliikomboa sauti ya mzee mmoja mmoja kutoka katika sauti ya jumla ya kabila, lakini kwa kufanya hivyo uliiacha nyuma hadhira yake. Hasara hiyo haikuonekana sana kijijini, ambako hadhira ilikuwapo tangu hapo. Inaonekana wazi zaidi katika mtaa kama Kipsongo, pembeni mwa mji wa Kitale, ambako watu wa lugha mbalimbali wanaishi bega kwa bega na ambako mzee mwenye maneno hana uwanja wa kuyasemea.

Mtu na swali lake

Odera Oruka alizaliwa Ugenya mwaka 1944. Alisoma Uppsala, Uswidi, kisha Detroit, Marekani, na akaanza kufundisha Nairobi mwaka 1970. Idara aliyoingia ilikuwa ya falsafa na masomo ya dini kwa pamoja. Falsafa haikupata idara yake yenyewe hadi mwaka 1980, naye ndiye aliyeiongoza. Jambo hili si dogo. Mtu aliyelelewa katika falsafa ya uchanganuzi, ambayo haikuwa na subira na mafumbo, alijikuta katika jengo moja na watu waliokuwa wakifundisha kwamba Mwafrika hafikiri ila kwa ngano, ibada na mithali. Mwaka 1974, akishirikiana na Joseph Donders, alianzisha utafiti juu ya mawazo ya wazee wenye hekima nchini Kenya.

Swali la utafiti lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, miongoni mwa wazee ambao hawakupitia elimu ya kizungu, wapo wanaoweza kuichukua imani ambayo jamii yao inaiona kuwa haina shaka, wakaipima kwa akili zao wenyewe, na ikibidi wakaikataa? Ili kulijibu, Odera Oruka na wanafunzi wake walikwenda vijijini na tepurekoda. Walimtafuta mtu ambaye majirani zake walikiri kwamba ana busara, wakamketisha, wakamuuliza juu ya Mungu, kifo, ukweli, usawa wa mume na mke, utajiri. Jibu lilipotolewa hawakuliandika na kuondoka. Walilirudia kwa namna ya ubishi, ili wamlazimishe msemaji atoe sababu.

Kutokana na mahojiano hayo alitofautisha aina mbili za wenye hekima. Wa kwanza ni mjuzi wa mila: anazifahamu, anazieleza kwa ufasaha, lakini akisukumwa hurejea pale pale, kwamba ndivyo walivyosema wazee. Wa pili ni mwanahekima mhakiki, ambaye mila kwake ni mahali pa kuanzia. Kitabu kilichokusanya matunda ya kazi hiyo kilitoka Leiden mwaka 1990, na toleo la Nairobi likafuata mwaka 1991. Ndani yake mna watu kumi na wawili, saba wa aina ya kwanza na watano wa aina ya pili. Katika kumi na wawili hao mwanamke ni mmoja tu, Peris Njuhi Muthoni, naye amewekwa katika kundi la saba.

Katika watano wanaohesabiwa kuwa wanafalsafa, wawili ni Wabukusu wa Bungoma: Okemba Simiyu Chaungo na Chaungo Barasa. Kwa uwiano huo pekee eneo hili lastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko lilivyoangaliwa.

Chupa ya Simiyu Chaungo

Alipoulizwa ukweli ni nini, Simiyu Chaungo hakutoa methali. Alichukua kitu kilichokuwapo mbele yao, chupa, akaeleza kwamba ni kweli kuwa chupa hii ni chupa, kwa maana ndivyo ilivyo. Akaendelea kusema kuwa mwongo aweza kupata wafuasi wengi na bado akabaki kuwa mbaya. Na alipoulizwa mbona basi watu husema uongo, alitaja tumbo na sifa tupu: watu hudanganya ili wale, na ili waonekane.

Wanafalsafa waliolisoma jibu hili wamevutiwa zaidi na sehemu yake ya kwanza, kwa sababu inakaribia nadharia ya ukweli inayofahamika tangu Wayunani, kwamba kauli ni ya kweli inapolingana na hali ya mambo. Mhakiki wa fasihi ana sababu ya kuvutiwa na sehemu ya pili. Hapo msemaji anahama kutoka kwenye chupa kwenda kwa wafuasi, na kutoka kwa wafuasi kwenda kwenye chakula. Mpangilio huo si wa mtu anayejibu mtihani. Ni wa mtu aliyezoea kusikilizwa na wengi, ajuaye kwamba hoja haijakamilika mpaka imerudi nyumbani kwa wasikilizaji na kuwagusa mahali wanapojijua. Hata chupa yenyewe inafanya kazi ambayo fimbo au usinga hufanya mkononi mwa msemaji wa hadhara: kitu kinachoonekana kinashika macho ili wazo lisiloonekana lishike sikio.

Lakini msomaji hawezi kwenda mbali zaidi ya hapo. Maneno ya Simiyu Chaungo yanamfikia kwa Kiingereza. Hajui ni neno gani la Kibukusu lililotafsiriwa kuwa ukweli, wala kama neno hilo lina undugu na maneno ya kunyooka, kuthibiti au kuapa. Wala hajui waliokuwa karibu walicheka lini, kama walikuwapo. Mahojiano yaliyochapishwa yana watu wawili tu, muulizaji na mjibu, na ukimya mkubwa unaowazunguka.

Peter Bodunrin wa Nigeria aliliona tatizo hilo mapema, ingawa kwa upande mwingine. Mwaka 1981 alidai kwamba kuonyesha kuwa wapo Waafrika wanaoweza kujibizana kifalsafa si sawa na kuonyesha kuwa wapo wanafalsafa. Na kwamba kinachozaliwa katika mazungumzo baina ya mzee na msomi ni mali ya wote wawili. Odera Oruka alimjibu kwa kumtaja Sokrate, ambaye hakuandika kitu na ambaye alijiita mkunga wa mawazo ya wengine. Jibu hilo lina nguvu, lakini halikuugusa upungufu wenyewe. Sokrate hakuwa peke yake na mtu mmoja chumbani. Alikuwa sokoni, vijana wamemzunguka, na waliobishana naye waliaibika au kutukuka mbele ya watu. Bodunrin na Odera Oruka waligombania ni nani mwenye hoja. Hakuna aliyeuliza hoja hiyo ilikuwa ikisemwa kwa nani.

Uwanja wa kumuse

Wabukusu walikuwa na jibu. Mzee mwenye hadhi anapofariki na kuzikwa, aliyeacha wana waliotahiriwa na wajukuu, jamaa zake huweza kumwalika msemaji maalumu kuja kuswala kumuse, siku chache baada ya maziko. Msemaji huyo huitwa omuswala kumuse. Kazi yake ni ya koo chache, na haijifunzwi na yeyote atakaye. Inaaminika kuwa asiyeitiwa akijitia humo atapatwa na madhara. Asubuhi watu huketi kwa mpangilio, uwanja ukaachwa wazi katikati. Msemaji huingia na fimbo yake na mavazi yake ya heshima, akatembea kutoka upande mmoja hadi wa pili, mara kwa hatua za taratibu, mara kwa mbio fupi, huku akisema. Anapokuwa uwanjani hakatizwi, na hakuna apitaye mbele yake.

Anachosema si wasifu wa marehemu pekee. Huanza mbali: asili ya kabila, safari kutoka Misri kama masimulizi yasemavyo, koo zilivyogawanyika, vita na maadui, rika za tohara kwa mfuatano wake, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, ambazo huzunguka na kurudi tena baada ya takriban karne. Kutoka hapo hushuka kwenye walio hai. Huonya juu ya ndoa za jamaa wa karibu, ugomvi wa mashamba, ulevi, watoto wasioheshimu, viongozi walao peke yao. Kisha huwaeleza waliofiwa kwamba kifo hakikuanzia kwao.

Anayetaka kukiita hicho kuwa ni mkusanyiko wa mila tu atakuwa na hoja, maana msemaji hunena kwa mamlaka ya waliotangulia. Kwa kipimo cha Odera Oruka angewekwa katika kundi la wajuzi. Hata hivyo, kipimo hicho kinapima sentensi moja moja. Hakipimi utungo mzima. Mpangilio wa rika zinazorudi unabeba nadharia kamili ya wakati, ambayo haifanani na ile ya Mbiti, kwa kuwa humo wakati ujao si tupu. Una majina tayari. Msemaji anapomweka marehemu katika rika lake, na rika lake katika mzunguko, anatoa hoja juu ya maana ya kufa, na anaitoa mbele ya watu walioketi juu ya udongo ambao haujakauka. Hadhira haimkatizi, ni kweli. Lakini inatoka hapo na kwenda kubishana, jioni ile na miezi ifuatayo: je, alichosema juu ya ukoo fulani ni sawa? Je, alikuwa na haki ya kumtaja fulani? Ukosoaji upo. Umecheleweshwa kwa adabu.

Watafiti wameichunguza sanaa hii kwa namna mbalimbali. John Wanyonyi Manguliechi, msemaji mashuhuri kuliko wote wa kizazi chake, ndiye aliyeshughulikiwa na Chris Wasike katika makala yake ya mwaka 2013, ambamo aliusoma utendaji huo kama maandiko juu ya uanaume na mamlaka. Usomaji huo unafaa kusisitizwa. Uwanja wa kumuse ni wa wanaume, na mwanamke aliyeketi pembeni husikia maisha yake yakielezwa na mtu asiyeweza kumjibu. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kuirudisha falsafa kwa hadhira ni kuirudisha kwenye haki. Mradi wa Odera Oruka, pamoja na mwanamke wake mmoja kati ya kumi na wawili, angalau ulimpa huyo mmoja zamu ya kusema.

Kuna jambo la kusikitisha hapa ambalo wanafasihi hawana budi kulikubali. Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika pendekezo lao la kuifuta Idara ya Kiingereza pale pale Nairobi, na kuiweka fasihi simulizi katikati ya masomo. Kwa hiyo katika miaka ya sabini idara mbili za chuo kimoja zilikuwa zikituma vijana vijijini. Wa fasihi walirudi na ngano, nyimbo na methali. Wa falsafa walirudi na hoja. Mara chache kikapu kimoja kilimiminwa katika kingine. Wanafasihi walimsikiliza mzee kama fanani na hawakumuuliza kama anayaamini anayoyasema. Wanafalsafa walimuuliza anachoamini na hawakusikiliza anavyokisema. Kumuse, ambayo ni vyote viwili, ikaanguka katikati.

Mwaka huo huo wa 1974, mwezi wa Desemba, jumba la makumbusho la Kitale lilifunguliwa mahali pake papya, likirithi mkusanyo wa Kanali Stoneham, mlowezi aliyekuwa amekusanya wadudu, wanyama na vitabu kwa miongo mingi na kuanzisha jumba lake binafsi mwaka 1926. Mtu mwenye kejeli angesema ulikuwa mwaka wa kukusanya.

Mwenye wazimu wa Kimilili

Si kila mwenye fikra alingojea kuhojiwa. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyekuwa mchezaji kandanda mashuhuri katika ujana wake, alianza kuihubiri Dini ya Msambwa mwanzoni mwa miaka ya arubaini. Mafundisho yake yanaelezwa kwa kawaida kama siasa iliyovaa kanzu ya dini, na siasa ilikuwamo: wazungu waondoke, ardhi irudi. Lakini chini yake palikuwa na swali ambalo mwanafalsafa yeyote angelitambua: kwa nini mizimu ya mtu mwingine, iliyoandikwa katika kitabu, iwe ni dini, na ya kwetu iwe ni ushenzi? Serikali ya kikoloni haikulijibu swali hilo. Ilimpeleka muulizaji katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945, akakaa humo hadi 1947. Mwezi wa Februari 1948 polisi walifyatua risasi Malakisi na kuwaua watu 11. Dini ikapigwa marufuku, na Masinde akahamishwa hadi Lamu. Historia ina mzaha wake: nabii wa Kibukusu alifungiwa katika mji wa tenzi.

Nguvu ya Msambwa haikuwa Bungoma peke yake. Ilipanda barabara hadi Trans Nzoia, katika mashamba ya walowezi yaliyozunguka Kitale, ambako Wabukusu wengi walikuwa vibarua na maskwota. Hapo ndipo mawazo yaliyozaliwa katika lugha moja yalipolazimika kukutana na watu wengine. Yalivuka hadi kwa Wapokot, ambako tawi lililoongozwa na Lukas Pkiech lilimalizikia katika mapigano ya Kolloa mwezi wa Aprili 1950. Dini hiyo iliruhusiwa tena baada ya uhuru, mwaka 1964, na kupigwa marufuku upya mwaka 1968. Masinde aliijua gereza ya serikali ya Waafrika kama alivyoijua ya wakoloni. Jina lake halimo miongoni mwa wale kumi na wawili. Labda ni vema: mtu aliyekwisha kuandikiwa cheti cha wazimu kwa sababu ya mawazo yake hahitaji cheti cha mwanahekima.

Masinde alifariki mwezi wa Juni 1987, majuma machache baada ya mwili wa wakili S. M. Otieno kuzikwa Nyalgunga, tarehe 23 Mei. Kesi ya mazishi hayo, baina ya mjane Wambui Otieno na ukoo wa Umira Kager, iliishika nchi nzima kwa miezi mitano. Magazeti yalichapisha mashahidi neno kwa neno. Kwenye matatu na mabaa watu walibishana juu ya maana ya nyumbani, juu ya uhuru wa mtu dhidi ya ukoo wake, juu ya wafu kudai haki. Kama falsafa iliwahi kutoka nje ya chuo kikuu nchini Kenya, ni mwaka huo. Na mmoja wa mashahidi alikuwa Odera Oruka, aliyeitwa na upande wa ukoo aeleze mila za mazishi za Waluo.

Wapinzani wake hawajaacha kumsuta kwa hilo. Mtu aliyetafuta kwa miaka kumi na mitatu wazee wanaothubutu kuipinga mila alisimama kizimbani kuieleza mila kwa manufaa ya wale walioitetea. Suto hilo lina haki nusu. Shahidi huulizwa anachojua, si anachopenda, na kuieleza desturi kwa mantiki si kuipigia magoti. Lakini kortini, kama katika kitabu, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wazee alikuwa profesa. Nchi ilisikia falsafa ya mazishi, na ilisikia kwa Kiingereza cha mahakama.

Kipsongo

Barabara itokayo Webuye hupitia Kamukuywa na Kiminini kabla ya kuingia Kitale. Baada ya uhuru watu wengi waliifuata, wengine wakinunua mashamba kwa makampuni na vyama, wengine wakitafuta kazi tu. Kutoka kaskazini waliteremka Waturkana, waliofukuzwa na ukame na wizi wa mifugo. Ghasia za kikabila za mwaka 1991 hadi 1993 ziliwang'oa wengine kutoka miteremko ya Mlima Elgon na sehemu za Trans Nzoia. Kipsongo, ambao ni miongoni mwa mitaa ya kimaskini iliyoota pembeni mwa mji, uliwapokea wengi, hasa Waturkana, lakini si wao peke yao.

Mtu anayetaka kuipima njia ya Odera Oruka na aipime hapa. Njia hiyo ilikuwa na masharti ambayo hayakuandikwa kwa sababu yalionekana ya kawaida: pawepo boma, pawepo majirani wa lugha moja watakaosema, yule ndiye mwenye busara, pawepo mila inayojulikana na wote, ili kuhojiwa kwake kuonekane kuwa ni kuhojiwa. Katika Kipsongo sharti la tatu ndilo linalovunjika kwanza. Mzee wa Kiturkana akikataa desturi fulani ya mifugo, jirani yake Mbukusu hajui kwamba kuna kitu kimekataliwa. Na mzee wa Kibukusu akifariki humo, jamaa wakiwa na uwezo humrudisha Bungoma, na kumuse, ikiwapo, huswaliwa huko. Majirani walioishi naye miaka ishirini, waliochota maji bomba moja naye, hawasikii maisha yake yakipangwa katika rika lolote.

Kinachobaki cha pamoja ni Kiswahili. Wataalamu wa lugha wamezoea kukiita Kiswahili cha mitaa kama hiyo lugha ya mawasiliano, kwa maana ya kununulia sukari na kugombania foleni. Maelezo hayo ni finyu. Watu wanaopatanisha ugomvi wa mpaka wa vibanda viwili, au wanaozika maiti asiye na jamaa kwa mchango, hawawezi kukwepa kuulizana nini ni haki na mtu ni nani. Wakifanya hivyo kwa lugha ambayo si ya mama kwa yeyote kati yao, hakuna anayeweza kukimbilia kauli ya kwamba ndivyo walivyosema wazee, kwa sababu atakayemsikia atauliza, wazee wa nani? Uhakiki wa mila ambao Odera Oruka aliutafuta kwa maswali ya kuchokoza, mtaa huu unaulazimisha kwa jinsi ulivyoundwa.

Pwani, jambo la namna hiyo limekwisha kuchunguzwa. Kai Kresse, aliyehariri pamoja na Anke Graness kitabu cha kumkumbuka Odera Oruka mwaka 1997, miaka miwili baada ya kugongwa na gari na kufariki, aliiacha njia ya kumtenga mzee na kumhoji. Alikaa Mombasa, barazani. Kitabu chake cha mwaka 2007 kinawafuata watu watatu: Ahmed Sheikh Nabhany, Ahmad Nassir na Sheikh Abdilahi Nassir, akiwaangalia wakitunga, wakihutubu nyakati za Ramadhani, wakibishiwa na mtaa wao wenyewe. Utenzi wa Ahmad Nassir juu ya utu unasomwa humo kama maandiko ya maadili yenye hoja zake. Hapo hadhira imerejea. Lakini Mombasa ina karne nyingi za misikiti, diwani na mabaraza ya mawe. Ni rahisi kumkuta mwanafalsafa mahali ambapo kiti chake kilikwisha kuchongwa.

Na riwaya za Kiswahili zilizojitwika falsafa waziwazi hazikuelekea upande huo. Euphrase Kezilahabi, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1985 ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, aliandika Nagona na Mzingile mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ni kazi kubwa, nazo zimefundishwa na kuhakikiwa kwa wingi. Zimesomwa nje ya vyuo kwa uchache. Mkazi wa Kipsongo aliyeacha shule darasa la sita hatazisoma, na hilo si kosa lake wala la Kezilahabi. Ni alama ya jinsi ambavyo hata Kiswahili chaweza kujenga ukuta wake wa chuo kikuu.

Anabaki Chaungo Barasa, wa pili kati ya wale Wabukusu wawili. Yeye hakuwa mzee wa kijijini kwa maana iliyozoeleka. Alikuwa mtaalamu wa maji, aliyesoma, aliyekijua Kiingereza vizuri, na kuwekwa kwake katika orodha ya wanahekima kulizua maswali miongoni mwa wale waliotaka mzee wa kweli awe hajui kusoma. Katika kitabu cha mwaka 1997 jina lake halipo tena upande wa wanaojibu. Ameandika sura yake mwenyewe, akiuchambua mradi uliomhoji, upungufu wake wa zamani na ugumu unaoungojea. Ndiye mtu wa Bungoma aliyevuka kutoka kwenye tepurekoda hadi kwenye karatasi. Sura hiyo iko kwa Kiingereza, ndani ya kitabu kilichokusudiwa wanafalsafa wenzake. Kazi yake ya mshahara, kwa upande mwingine, ilikuwa ni kuwapelekea watu maji, na katika kazi hiyo swali la nani yuko mwisho wa bomba haliwezi kuachwa hadi toleo lijalo.